Eksirei ikiwa nyeupe, mzizi umezibwa?

Zilikuwa wazi kwenye kompyuta ya kliniki kwa wakati mmoja, eksirei mbili za magego ya chini, na tangu siku ile hazijanitoka kichwani.

Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa makamo aliyekuja kwa ajili ya jino jingine kabisa. Gego lililojitokeza pembeni mwa picha liliwahi kuzibwa mizizi miaka mingi nyuma, na kwa kipimo chochote tulichofundishwa, lilizibwa vibaya. Uzi mweupe mwembamba, umekatikakatika, unaishia milimita tatu au nne kabla ya kufika nchani. Lakini mfupa unaoizunguka mizizi ulikuwa mzima, hauna doa jeusi, ile dalili ya mfupa kuliwa na maambukizi. Nililigonga lile gego kwa mpini wa kioo cha mdomoni, hakushtuka.

"Hilo halijawahi kunisumbua, daktari," alisema. "Nilishalisahau."

Ya pili ilikuwa ya kijana mwenye umri wa chini ya miaka thelathini. Mifereji yote ndani ya mizizi imejazwa, weupe unapungua unene taratibu hadi karibu kabisa na ncha, na kwenye mzizi mmoja simenti imeingia hata katika kimfereji cha pembeni na kuacha kidoto cheupe. Picha ya kufundishia. Chini ya mzizi huohuo kulikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya kunde, na kwenye fizi kulikuwa na kijipu kinachotoa usaha kila ukikibonyeza.

Daktari mwanafunzi aliyekuwa akifanya mazoezi nasi alizitazama picha zote mbili, akanigeukia.

"Samahani daktari, hapa tuseme ipi ndiyo imefaulu?"

Nikamwambia nitamjibu, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanasubiri. Wiki zikapita, na swali likabaki palepale.

## Weupe unatoka wapi

Sitarudia hatua za tiba ya mzizi, ile ya kutoa kiini (nyama laini iliyo ndani ya jino), kusafisha mifereji na kuiziba. Wengi wenu mmeshafika kwenye kile kiti, ama upande wa kulala au upande wa kuinama. Nataka tukae kwenye hatua ya mwisho tu, ile ya kuziba, kwa sababu ndiyo inayoacha alama kwenye eksirei, na alama hiyo ndiyo tunayohukumiana nayo.

Kinachotiwa ndani ya mzizi kwa kawaida ni gutapacha pamoja na simenti kidogo. Gutapacha ni utomvu wa miti ya jamii ya Palaquium inayoota Asia ya Kusini-Mashariki. Kikemia ni ndugu wa mpira, molekuli zilezile zilizopangwa kwa namna nyingine, ndiyo maana hauvutiki kama mpira bali hulainika kwa joto na kushika umbo ukipoa. Ulifika Ulaya miaka ya 1840, ukafunika nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari, ukiwemo waya wa kwanza kuvuka Atlantiki mwaka 1858. Miaka michache baadaye, mwaka 1867, daktari wa meno wa Marekani aitwaye Bowman aliutumia kujaza mizizi ya gego. Mpaka leo hatujapata kitu cha kuuondoa kwenye nafasi yake, ingawa wengi wamejaribu.

Sasa sikiliza jambo ambalo nililisoma chuoni na sikulipa uzito. Ile koni ya waridi tunayoishika kwa kibano, gutapacha yenyewe ni kama asilimia 20 tu ya koni nzima. Sehemu kubwa, kati ya asilimia 60 na 75, ni oksaidi ya zinki, na kinachobaki ni nta, gundi na chumvi za metali nzito kama salfeti ya bariamu. Utomvu peke yake hauonekani vizuri kwenye eksirei.

Kwa hiyo weupe ule ni zinki na bariamu.

Eksirei inatuambia zinki imefika wapi. Kama imegusana na ukuta wa dentini, ile sehemu ngumu ya jino inayouzunguka mfereji, kama simenti imeshika, kama kuna mwanya ambao bakteria wanaweza kupita mmojammoja, hayo picha haiyajui. Tena inapigwa kutoka upande wa shavu. Mfereji wa mzizi wa nyuma wa gego la chini mara nyingi ni bapa: ukiutazama kutoka shavuni ni mwembamba, ukiutazama kutoka upande wa jino la jirani ni mpana. Unaweza kujaza nusu ya upana huo, nusu nyingine ikabaki tupu nyuma ya weupe, na picha ikatoka safi kabisa.

## Jino lililogeuka kioo

Chuoni kulikuwa na zoezi moja ambalo sidhani kama kuna mwanafunzi aliyelifanya akalisahau. Tulichukua meno yaliyong'olewa, tukayaziba mizizi, tukayapiga eksirei na kupewa alama. Kisha yakalowekwa kwenye wino, ambao hupenya popote penye mwanya. Baada ya hapo yakatiwa kwenye asidi ya naitriki iliyozimuliwa kwa siku kadhaa hadi madini yatoke, yakahamishiwa kwenye alkoholi ili maji yatoke, na mwisho yakazamishwa kwenye mafuta ya methili salisileti, yale yenye harufu ya dawa ya kuchua misuli.

Ndani ya mafuta hayo jino linageuka kioo. Unaliona lote kwa ndani: mifereji, matawi, vimifereji vya pembeni, koni ya waridi imesimama katikati.

Jino lililopata alama za juu kuliko yote darasani lilikuwa na wino. Ulishuka kwenye ukuta mmoja, mstari mwembamba usiokatika, kuanzia juu mpaka theluthi ya mwisho ya mzizi. Mwalimu alilizungusha chini ya taa bila kusema neno, kisha akatupa sote nafasi ya kulitazama.

Ningeweza kuishia hapo na kusema wino ndio hakimu wa kweli. Lakini nao una mashaka yake. Kwa miongo kadhaa watafiti walichapisha mamia ya majaribio ya namna hiyo, wakilinganisha simenti hii na ile, na majibu yakawa yanagongana: kinachovuja kwa huyu hakivuji kwa yule. Mwaka 2007 bodi ya wahariri wa Journal of Endodontics iliandika waziwazi kuwa majaribio ya kuvuja hayatoshi tena kuwa ushahidi wa kipi ni bora, kwa sababu hayakuwa yakibashiri kinachotokea kwenye mdomo wa mtu aliye hai.

Eksirei haitoshi, na wino hautoshi.

## Baridi na moto

Ukiwaweka madaktari wa meno wawili wenye mapenzi na mizizi kwenye chumba kimoja, haichukui muda watabishana kuhusu namna ya kuziba. Ubishi huo una kambi mbili za zamani.

Kambi ya baridi inatumia mbinu ambayo wengi wetu tuliianza nayo. Unachagua koni kuu yenye ukubwa sawa na faili, kile chuma chembamba cha kusafishia mfereji, la mwisho ulilotumia, unaiingiza mpaka urefu uliopimwa, halafu unaivuta taratibu. Ikishikwa kidogo nchani kabla ya kuachia, ndiyo hiyo. Unaipaka simenti, unairudisha, unaingiza kando yake chuma chembamba chenye ncha na kuisukumia pembeni, unakitoa kwa kukizungusha, na kwenye nafasi uliyoipata unachomeka koni ndogo. Halafu nyingine. Halafu nyingine, mpaka chuma kikatae kuingia. Ni kazi ya subira na haihitaji umeme. Udhaifu wake ni kwamba koni haziyeyuki kuwa kitu kimoja. Ni kama kalamu ulizozishindilia kwenye kikombe: kwa juu kimejaa, ila maji yakimiminwa yanapita katikati. Kinachozuia maji ni simenti tu.

Kambi ya moto ilipata sauti kubwa mwaka 1967, Herbert Schilder wa Boston alipoandika kwamba mfereji wa mzizi ujazwe pande zake zote tatu: urefu, upana na kina. Hoja yake ilikuwa kwamba ndani ya jino hakuna bomba moja lililonyooka. Kuna matawi, viungio kati ya mfereji na mfereji, na vitundu vinavyotokea pembeni. Basi lainisha gutapacha kwa joto, ishindilie kwa chuma kisicho na ncha, ipashe tena, ishindilie tena, ikapite inakopita njia. Gutapacha hubadili hali yake ikifika kati ya nyuzijoto 42 na 49, na ikizidi kidogo hapo inakuwa laini kabisa. Ila ikipoa inanywea, na ndiyo maana huruhusiwi kuondoa mkono mapema: unaikandamiza mpaka ipoe.

Baadaye zikaja ncha zinazopashwa kwa umeme hadi karibu nyuzijoto 200 kwa sekunde chache tu. Sekunde hizo zina sababu. Mwaka 1983 Eriksson na Albrektsson walionyesha kwamba mfupa ukipata nyuzijoto 47 kwa dakika moja unaanza kudhurika. Dentini haipitishi joto upesi, lakini inapitisha. Tangu 1978, kwa kazi ya Johnson, kuna pia gutapacha iliyovikwa kwenye kijiti, unaipasha kwenye tanuri dogo na kuisukuma kwa mara moja.

Nilijifunza moto baada ya baridi, na niliupenda. Bado naupenda. Ile hisia ya gutapacha laini kujibu mkono, na picha inayotoka ikiwa na kidoto cha kimfereji cha pembeni, ni furaha ya kweli kwa mtu wa kazi hii.

Halafu nikasoma uchambuzi wa Peng na wenzake wa mwaka 2007, uliojumlisha tafiti zilizolinganisha moto na baridi kwa wagonjwa. Maumivu baada ya tiba: hayakutofautiana. Matokeo ya muda mrefu: hayakutofautiana. Kilichotofautiana wazi ni kwamba moto ulisukuma vitu nje ya ncha mara nyingi zaidi.

Nilikasirika. Nilikuwa nimewekeza mno kwenye kidoto kile cheupe.

## Panya, mbwa, na swali linaloudhi

Hasira ilinirudisha kwenye msingi. Tunaziba ili kuzuia nini hasa?

Mwaka 1965 Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya na kuacha kiini wazi, chakula kikiingia. Panya wa kawaida walioza viini na kupata majipu. Panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja viini vyao viliendelea kuishi, na meno yakaanza kujijengea daraja la dentini juu ya tundu. Jeraha lilelile, chakula kilekile. Tofauti ilikuwa bakteria.

Mwaka 2006 Sabeti na wenzake wakaenda mbali zaidi, wakitumia mbwa. Meno yaliambukizwa kwa makusudi, mizizi ikasafishwa, kisha mingine ikazibwa na mingine ikaachwa tupu. Yote ikafungwa vizuri kwa juu. Baada ya miezi kadhaa wakatazama mfupa. Uponaji haukutofautiana.

Nilikaa na matokeo hayo muda mrefu. Kama mzizi mtupu unapona, miaka yote hii ya kubishana baridi na moto ilikuwa ya nini?

Nilipotulia niliona mambo mawili. La kwanza, miezi si miaka. Jino la mama yule lina miaka mingi mdomoni, limetafuna kila siku, limepita kwenye mate, sukari na nyufa. La pili, meno ya mbwa wale yalifungwa juu kwa uangalifu wa maabara. Kwa hiyo jaribio linasema kwamba usafishaji na mlango wa juu vinaweza kutosha kuanzisha uponaji. Halisemi kwamba nafasi tupu itabaki salama siku mlango huo utakapopata ufa.

Lakini liliniondolea wazo moja nililokuwa nalo bila kulitamka, kwamba gutapacha ndiyo inayoponya. Haiponyi. Inalinda uponaji ulioanzishwa na kitu kingine.

## Waliobaki ndani

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka, na si kwa sababu ya mbinu yoyote ya kuziba.

Peters na wenzake, mwaka 2001, walipiga mifereji picha za pande tatu kabla na baada ya kusafishwa, wakakuta asilimia 35 au zaidi ya ukuta haikuguswa na chombo chochote. Faili linazunguka katikati, pembe zinabaki kama zilivyokuwa. Kinachofika kwenye pembe hizo ni dawa ya kuoshea, hipokloraiti ya sodiamu, ikiwa imepewa muda na kusukumwa vizuri. Hata hiyo haimalizi kazi. Mwaka 2005 Nair na wenzake walichunguza magego 16 ya chini yaliyosafishwa, kuoshwa na kuzibwa katika kikao kimoja. Katika 14, bado kulikuwa na vijidudu ndani, vimejificha kwenye viungio na matawi ya ncha ya mzizi.

Kumi na nne kati ya kumi na sita, na ile ilikuwa kazi iliyofanywa kwa viwango.

Ukilipokea hilo, kuziba kunapata maana nyingine kabisa. Tunafunga chumba ambacho wapo waliobaki ndani, wachache. Kazi ya simenti na gutapacha ni kuwanyima chakula kutoka juu, kuwanyima majimaji yanayopenya kutoka nchani, na kuwanyima nafasi ya kuzaliana. Mwenyewe sasa naiona kama kuwazika.

Na hapo idadi ya wanaozikwa inahesabika. Sjögren na wenzake, mwaka 1997, walichukua sampuli kwenye meno 55 muda mfupi kabla ya kuziba, wakayafuatilia kwa miaka mitano. Yale ambayo sampuli haikuotesha bakteria, asilimia 94 yalipona. Yale yaliyootesha, asilimia 68. Mizizi ilizibwa kwa namna ileile.

Mama yule wa eksirei ya kwanza nilimuuliza alikuwa na shida gani siku alipozibwa mzizi. Alikumbuka vizuri: jino lilikuwa likiuma vikali kwa maji baridi, halikuvimba, halikutoa usaha. Yaani kiini kilikuwa bado hai, na uwezekano mkubwa ncha ya mzizi haikuwa imefikiwa na bakteria hata kidogo. Utafiti mwingine wa Sjögren, wa mwaka 1990, ulikuta meno yaliyoanza tiba bila doa kwenye mfupa yakifanikiwa kwa asilimia 96, na yaliyoanza na doa kwa asilimia 86. Katika hayo yenye doa, ujazo ulioishia ndani ya milimita mbili za ncha ulifaulu kwa asilimia 94, uliopungukia zaidi ya hapo kwa asilimia 68, na uliovuka ncha kwa asilimia 76. Urefu una maana kubwa pale maambukizi yalipo. Mama alikuwa na bahati ya kuanzia mahali pazuri.

Ndiyo maana siku hizi macho yangu yako kwenye karatasi kuliko kwenye koni. Kabla ya kuziba tunaingiza vijikaratasi vyembamba kukausha mfereji. Nakitoa kijikaratasi, nakigeuza chini ya taa. Kikitoka kikavu hadi nchani, vizuri. Kikiwa na kidoa chekundu pembeni, nimevuka au nimechana ukuta mahali. Kikilowa ncha tu, na cha pili kikalowa, na cha tatu, kuna majimaji yanayopanda kutoka kwenye mfupa, na mgonjwa huyo hazibwi leo. Nikinusa harufu, ndiyo kabisa. Hakuna anayepiga picha ya vijikaratasi na kuionyesha wenzake. Vinaingia kwenye pipa la taka.

## Mlango wa juu

Jino la kijana nililifungua. Kabla ya kulifungua nilipitisha sindano ya kuchunguzia kwenye ukingo wa kiraka chake cha juu, ikazama. Kilikuwa kiraka cha muda, kile tunachokiweka tukimwambia mgonjwa arudi baada ya wiki mbili. Kwa maelezo yake kilikuwa kimekaa zaidi ya mwaka. Maumivu yalikuwa yameisha, akaona hana haja ya kurudi.

Chini ya kiraka gutapacha ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia. Nilipoilainisha na kuivuta, theluthi ya juu ilitoka imelowa, ina harufu nzito.

Hili nalo lina historia ya kubishana. Mwaka 1990 Torabinejad na wenzake walionyesha maabara kwamba mizizi iliyozibwa vizuri, ikiachwa wazi juu, bakteria wanaweza kushuka urefu wote wa ujazo katika muda wa wiki tu. Mwaka 1995 Ray na Trope walitazama eksirei za meno 1,010 yaliyotibiwa mizizi. Mzizi mzuri na kiraka kizuri: asilimia 91 hayakuwa na doa. Mzizi mzuri na kiraka kibaya: 44. Mzizi mbaya na kiraka kizuri: karibu 68. Kiraka kizuri kilikuwa kimeushinda mzizi mzuri. Makala ile ilitikisa taaluma.

Mwaka 2000 Tronstad na wenzake wakarudia kwa meno 1,001 na kupata sura nyingine: mzizi mzuri wenye kiraka kibaya ulibaki bila doa kwa asilimia 71, na mzizi mbaya haukuokolewa na kiraka kizuri. Mwaka 2011 Gillen na wenzake waliunganisha tafiti kama hizi na kuona kwamba kimoja kikiwa kibaya, chochote kati ya hivyo viwili, matokeo yanashuka, na hakuna kinachozidi kingine kwa tofauti ya maana.

Wenzangu wengine wanalichukua hilo kama sare ya kuchosha. Mimi lilinigusa. Maana yake ni kwamba mzizi una ncha mbili, na sisi tumeweka heshima yetu yote kwenye ncha moja. Tunatumia saa nzima kwenye nusu milimita ya chini, halafu tunafunga juu kwa haraka kwa sababu muda wa mgonjwa umeisha na anayefuata ameshaketi nje.

Nilizungumza na kijana kwa urefu kuliko kawaida yangu. Nilimchorea. Nikamwambia kwamba maumivu kuisha si mwisho wa tiba, na kwamba sitamwacha tena na kiraka cha muda pindi mizizi itakapozibwa. "Sasa daktari, mbona sikuambiwa hivyo mwanzo?" aliuliza. Huenda aliambiwa, ulimi ukiwa na ganzi na mdomo umejaa pamba. Maelezo ya kiraka hutolewa dakika ile ambayo mgonjwa anataka kwenda nyumbani tu. Nimehamishia maelezo hayo mwanzo wa kikao, kabla ya sindano ya ganzi.

## Ahadi za kila kizazi

Mwaka 2004 ilikuja Resilon. Ilionekana kama gutapacha, ilishikwa kama gutapacha, ila ilitengenezwa kwa polikaprolaktoni na kuunganishwa na simenti ya resini. Ahadi yake ilikuwa nzito: koni, simenti na dentini vitashikana kuwa kitu kimoja, bila mwanya. Naielewa hamu ile. Kila anayeziba mizizi anaitamani.

Polikaprolaktoni ikaonekana kuwa inaliwa na vimeng'enya. Resini ikinywea wakati wa kukauka inajivuta kutoka ukutani, na ndani ya mfereji mrefu mwembamba haina pa kupunguzia mvutano huo. Ufuatiliaji wa miaka ukaonyesha meno yaliyozibwa hivyo yakishindwa zaidi kuliko ya gutapacha. Ikaondoka sokoni, lakini bado yapo mdomoni mwa watu.

Kinachotajwa sasa ni bayoseramiki, simenti za kalsiamu silikati zilizotokana na kazi ya Torabinejad ya mwaka 1993 juu ya MTA, simenti ya aina hiyohiyo. Hizi zina sifa ambazo sikuwahi kuziona kwenye simenti za awali. Simenti ya zinki na yujinoli huyeyuka pole pole kwenye majimaji. Ya epoksi ni imara na ndiyo imekuwa kipimo cha wengine kwa miaka mingi, lakini inataka mfereji mkavu. Bayoseramiki inahitaji unyevu, inautoa kwenye vijitundu vya dentini na kuganda nao. Wakati wa kuganda ina ualkali mkali, kinyume cha asidi, unaowaudhi bakteria, na tishu za mfupa zinaivumilia vizuri. Kwa sababu hainywei, wengi wameirudisha mbinu ya koni moja: jaza simenti, ingiza koni moja inayolingana, kata, maliza. Hakuna chuma cha pembeni, hakuna joto.

Mbinu tuliyofundishwa kuidharau imerudi na hoja nzuri mkononi.

## Pale ninapobishana bado

Nimeanza kuitumia kwenye mifereji miembamba ya mviringo, na nimeridhika. Kwenye mifereji mipana na bapa, kama ule wa nyuma wa gego la chini, bado napasha moto sehemu ya juu na kushindilia, kwa sababu sipendi kuona simenti nyingi kuliko gutapacha. Kwenye ncha iliyofunguka kupita kiasi, ya mtoto ambaye mzizi haujakomaa, sitii koni kabisa. Nachomeka MTA yenyewe kwanza. Mikono yangu iko baridi, moto na koni moja, yote kwa wiki moja, na hainisumbui tena kutokuwa na kambi.

Mwenzangu mmoja, ambaye mikono yake naiheshimu sana, ameacha mengine yote. Anasema nimebaki na mazoea tu. Anasema wakati ninaoutumia kupasha na kushindilia ningeutumia kuosha mfereji kwa dakika nyingine kumi, na kwamba kwa hesabu yangu mwenyewe ya waliobaki ndani, dakika kumi za kuosha zina thamani kuliko kidoto chochote cheupe. Hapo amenishika, na nimeshaongeza muda wa kuosha.

Ninachomrudishia ni kimoja. Jino la kijana liliwezekana kufunguliwa tena kwa sababu gutapacha inalainika na kutoka. Bayoseramiki ikishaganda haina kiyeyusho. Koni ikiwa fupi kwa milimita mbili, na milimita mbili hizo zikajaa simenti iliyoganda kama dentini yenyewe, atakayekuja kuifungua baada ya miaka kumi huenda asiipate tena njia ya kufika nchani, na kitakachobaki ni kukata ncha kwa upasuaji au kung'oa. Yeye anasema koni ikifika urefu kamili tatizo hilo halipo, na urefu tunaupima kwa kifaa cha umeme na kuuhakikisha kwa eksirei. Mimi namwambia tunaziba meno ya watu ambao wataishi miaka hamsini nayo, na kati yao watakuwepo watakaohitaji kufunguliwa, hata tukiziba vizuri namna gani.

Wiki iliyopita alinitumia eksirei ya gego la juu, koni moja, bayoseramiki, mifereji minne, pamoja na ule wa pili wa mzizi wa mbele kwa upande wa shavu ambao wengi huukosa. Imefika nchani kote. Nilimuuliza swali moja tu: juu umefunga na nini? Akanitumia picha ya pili, ya kofia iliyokaa vizuri, iliyowekwa wiki ileile. Sikuwa na la kuongeza, na kwa jino lile sina ubishi naye.